SHABA ZENYE MAJINA YA WENYE MADUKA

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mmepata kuiona pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, yenye sura ya mizani na mwaka 1299 wa Hijra. Sisi tuliokota moja shambani Mbweni, nyeusi kama mkaa. Jioni ile tukaisugua kwa ndimu na mchanga hata ikang'aa, kisha tukampelekea mzee mmoja wa mjini, mjuzi wa sarafu.

Akaigeuza, akaturudishia. Tarakimu zilikuwa zimelika, na ule weusi uliokuwa ukiihifadhi shaba umekwenda. "Mliiokota wapi hasa, wanangu? Karibu na nini?" Hatukukumbuka. Tukaona haya.

Ndipo alipotuonyesha shaba nyingine, ndogo, ya Marekani. Unguja inawajua Wamarekani tangu zamani: Seyyid Said alipatana nao mambo ya biashara mwaka 1833, na wafanyi biashara wa Salem walikuja kununua pembe na sandarusi. Nguo yao mpaka leo twaiita marekani.

Lakini shaba ile haikuwa fedha ya serikali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka kule, watu walizificha sarafu, hata senti, na kufika mwaka 1862 wenye maduka hawakuwa na cha kuwarudishia wanunuzi. Basi wengi wakapigisha vipande vyao wenyewe, vyenye jina la mwenye duka, mtaa wake na kazi yake. Kila kimoja kilipita kwa senti moja, na papo hapo kilikuwa tangazo lililotembea mifukoni mwa watu.

Thamani yake ilikuwa ahadi tu, na si wote walioitimiza. Yasimuliwa kwamba Gustavus Lindenmueller, muuza bia wa New York, alitoa vipande zaidi ya milioni moja. Kampuni moja ya magari ya kuvutwa na farasi ilipokea vingi kwa nauli, ikamtaka avikomboe. Akakataa, nayo haikuwa na la kufanya. Mwaka 1864 sheria ikavipiga marufuku.

Leo wakusanyaji huvitafuta kwa sababu ya yale majina: kinyozi, muuza dawa, mwenye mkahawa. Pengine hakuna alama nyingine ya duka iliyobaki.

Mzee yule huweka kila kipande ndani ya karatasi yake, hakioshi, na juu huandika kilikotoka na siku kilipopatikana. Pesa yetu ya Mbweni tunayo bado, inang'aa, katika bahasha isiyoandikwa kitu.