Kereng'ende wa Amani: Hotuba kwa Mahafali ya Wahitimu wa Misitu

Amanipodagrion gilliesi ni kereng'ende wa vijito vya msitu wa Amani na Sigi, Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Kwingine duniani hajulikani, na katika jenasi yake yuko peke yake. Elliot Pinhey alimweleza kisayansi mwaka 1962, akampa jina la Gillies, mtafiti wa mbu aliyefanya kazi Amani. Jina lilimpata mwenyewe: kereng'ende hula mbu tangu angali buu majini hadi aotapo mabawa.

Asichanganywe na kereng'ende wanene wanaoranda juu ya madimbwi. Huyu ni mwembamba kama njiti, macho yametengana, na makazi yake ni kivuli cha kijito. Buu wa jamii yake huishi majini, akipumua kwa msaada wa matamvua yaliyo mkiani na kuwinda vijidudu, mpaka siku ya kupanda juu ya jani au jiwe na kujivua gamba. Anayeonekana akiruka, basi, yumo katika ngwe ya mwisho ya maisha yake.

Orodha Nyekundu ya IUCN imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka 2012 alitajwa miongoni mwa spishi 100 zilizo hatarini zaidi duniani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ipo tangu 1997, lakini mpaka wa hifadhi hauzuii tope. Katika Usambara Mashariki iliki hulimwa chini ya miti mirefu: kwa mbali msitu unaonekana mzima, kumbe vichaka vya chini vimefyekwa, jua linapiga majini na udongo unateremka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu nao waliingia Sakale na kuchimbua kingo za vijito.

Wahitimu wanaoagwa leo wamezoea kupima vipenyo vya mashina na kuhesabu visiki. Kwa mdudu huyu vipimo hivyo havitoshi, kwa kuwa msitu unaweza kuhesabiwa salama huku kijito chake kimekufa. Kinachopaswa kukaguliwa ni kivuli juu ya maji, uangavu wa maji yenyewe, na kama kijito hutiririka hadi mwisho wa kiangazi. Vijito hivyo huingia mto Zigi, na Zigi hujaza bwawa la Mabayani, ambako mji wa Tanga hupata maji yake ya kunywa.