Joto la Yai na Uzito wa Kuku wa Nyama



Kuku wa nyama wa zama hizi huchinjwa akiwa na umri wa siku 35 hadi 42, ilhali siku 21 amekwisha kuzipitisha ndani ya gamba. Maana yake ni kwamba thuluthi ya uhai wake au zaidi, nayo ndiyo thuluthi ambayo moyo, matumbo na misuli yake huumbika, hupita kabla mfugaji hajamtia machoni. Walakini kifaranga akidumaa bandani, aghalabu hulaumiwa chakula au chanjo, na mashine alimototolewa haiulizwi.

Joto linalomfaa ni nyuzi 37.8 za sentigredi, lakini hilo ni joto la gamba la yai, wala si la hewa ya mashine. Katika juma la kwanza yai hupokea joto kutoka hewani. Baadaye kiinitete, kadiri kikuavyo, hutoa joto lake chenyewe, hata zikikaribia siku 18, wakati wa kuhamishia mayai kwenye mashine ya kuangulia, gamba huwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka, na kazi ya mashine imekwisha kugeuka kuwa kupoza. Basi anayetazama kipimo cha mlangoni peke yake hana habari ya yai. Sharti atwae kipimajoto cha sikioni, kile wapimiwacho watoto hospitalini, akiweke kwenye unene wa yai, si kwenye ncha butu penye nafasi ya hewa, apime trei za juu, za kati na za chini.

Gamba likipindukia nyuzi 38.9 katika siku za mwisho, kifaranga hutoka mapema na dhaifu, kitovu hakikufunga, kiini hakikumalizika kufyonzwa, na moyo ni mdogo. Naye hula asinenepe kwa kadiri ya gharama yake, na mwili ukuapo upesi moyo ule hulemewa, akafa kwa maji ya tumboni. Baridi nayo hudhuru, kwani huchelewesha kuangua, ila kwa rai yangu joto lililozidi lastahili kuhofiwa zaidi, maadamu madhara yake hudhihiri baada ya majuma, kuku akiwa amekwisha kula mali ya mwenyewe.

Umeme ukikatika, wengi hukimbilia kuifunga milango ya mashine. Hilo ni sawa kwa mayai machanga. Ama kwa mayai ya juma la tatu, feni zikisimama joto hutuama baina ya trei, na milango yapasa kufunguliwa mara moja.

Wako wataalamu waliojaribu kuzidisha joto kwa makusudi, nyuzi 39.5 kwa saa 12 kila siku, tangu siku ya 7 hadi ya 16, ili kuku astahimili hari ukubwani. Kwa pwani yetu jambo hili latamanisha, lakini simshauri kulijaribu yeyote ambaye mashine yake haijaweza kushika nyuzi 37.8 pasi na kuyumba.