Bili ya Simu

Somo letu asubuhi hii latoka katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 6, aya ya 1 hadi ya 7. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Lakini kabla ya somo twataka kuwaeleza habari za bili ya simu.

Mwaka wa 1993 nyumbani kwetu Nakuru palikuwa na simu ya mezani, ile yenye duara la namba la kuzungusha. Majirani walikuja kwetu kupokea habari za misiba. Baba aliifunga kwa kufuli dogo ili duara lisizunguke, na ufunguo alitembea nao. Bili ilikuwa kama shilingi 300 kwa mwezi. Mwezi mmoja ikaja ya shilingi 2,700.

Huenda vijana wanaotusikiliza hawajui mambo hayo yalivyokwenda. Bili yetu ilionyesha jumla tu, bila namba zilizopigwa wala saa. Katika kituo cha simu palikuwa na mita iliyohesabu mapigo, na kadiri mtu alivyopiga mbali ndivyo mapigo yalivyofuatana upesi. Dakika 10 za kuzungumza na mtu wa Mombasa zilikula fedha kuliko maongezi mengi ya pale mjini. Basi Baba aliliona deni, mdeni hakumwona.

Akamtafuta, na aliyeonekana karibu alikuwa dada aliyetufanyia kazi za nyumbani. Nani mwingine alishinda nyumbani kutwa? Tena siku moja ufunguo ulikuwa umesahauliwa mezani. Dada alikana, akalia. Baba hakuwa mtu mkali, naye alikuwa mzee wa kanisa. Hata hivyo alizuia mshahara wake wa miezi mitatu, na Jumamosi akampeleka stendi ya basi na kikapu chake.

Waliopiga simu ni sisi. Tulikuwa watoto watatu, na binamu zetu walikaa Mombasa. Tulikuwa tumejifunza shuleni kwamba kufuli lile halizuii kitu: ukigonga upesi mara 3 kile kidude ambacho mkono wa simu hulalia, mtambo husikia 3, kwa sifuri wagonga mara 10. Wazazi walipokwenda ushirika jioni, sisi tuligonga. Siku dada anaondoka alituaga kila mmoja kwa jina lake, nasi tukajibu, "Kwaheri, dada."

Sasa somo letu. Mtu aliyemdhulumu jirani yake, au aliyeficha jambo kwa uongo, aagizwa kurudisha kitu chenyewe na kuongeza juu yake sehemu ya tano, siku ile ile aletapo sadaka yake ya hatia. Sisi wahubiri tumezoea kupita haraka hapo ili tufike kwa yule kondoo dume wa sadaka, maana twamwona Kristo ndani yake, na ni haki kumwona. Lakini torati haikumruhusu mtu afike kwa kuhani huku mali ya jirani ingali mkononi mwake. Zakayo, katika Luka 19, alitaka kurudisha hata mara nne.

Nasi je? Kila Jumapili tulipiga magoti, tukasema maungamo ya kitabu chetu cha sala. Ni maungamo mazuri, wala hatuyadharau. Ila ni ya jumla, kama ile bili. Hayaonyeshi namba iliyopigwa. Tulijificha humo miaka 18.

Mwaka wa 2011 tulimtafuta, tukamkuta kwao akiuza mboga sokoni. Tulikuwa tumepiga hesabu: mishahara mitatu na sehemu ya tano, na kwa kuwa shilingi ilikuwa imepungua nguvu, tukaongeza tena. Alitusikiliza mpaka mwisho, huku akifunga mafungu ya sukuma wiki. Akasema, "Nilijua, watoto wangu. Nilikuwa jikoni nikiwasikia mkigonga. Lakini ningesema, mzee angemwamini nani?"

Fedha alizipokea, akazihesabu mbele yetu, nasi tulifurahi kwamba alizihesabu. Kisha akasema, "Hizi ni za mshahara. Lakini jina langu bado liko kwa mzee."

Wapenzi, hapo ndipo tulipotetemeka. Baba alikuwa hai, na hatuoni haya kukiri kwamba yeye ndiye tuliyemwogopa zaidi tangu mwanzo, hata kuliko Mungu. Tulimwambia jioni ile ile. Alikaa kimya muda mrefu, mikono yake juu ya magoti. Mwishowe akauliza ni basi lipi liendalo kule, na huondoka saa ngapi.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wamjua kila mtu tuliyemtwika deni letu. Tukumbushe leo jina la mmoja wao, na mahali anapokaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.