Kama Ningekuwa na Fedha: Kitenzi cha Dhana katika Kihispania



Jioni ya leo twapenda kusema juu ya lugha ya Kihispania, isemwayo Uhispania, katika nchi nyingi za Amerika, na hata huku Afrika katika Guinea ya Ikweta. Tumechagua sehemu iwashindayo wanafunzi wengi, nayo ni kitenzi cha dhana cha wakati uliopita.

Kukiunda si kazi. Shikeni kwanza neno hablaron, yaani "walizungumza". Kateni -ron, kisha tieni -ra: hablara. "Walikuwa na" ni tuvieron, basi twapata tuviera. "Walikwenda" na "walikuwa" yote mawili ni fueron, kwa hiyo fuera hutumika kwa yote mawili. Kuna na mwisho mwingine, -se, kama hablase; maana ni ile ile, ila -ra husikika zaidi.

Shida ni mahali pa kukitumia. Sisi twasema "nataka aje", na kwa habari ya jana "nilitaka aje". Neno "aje" halibadiliki. Mhispania hakubali. Leo husema quiero que venga, lakini kwa jana ni lazima aseme quería que viniera. Hapa tulikosea sana tulipokuwa tukijifunza, kwa kuwa masikio yetu hayakusikia upungufu wowote.

Kosa la pili laweza kuleta ugomvi. Mtu anayekudai akikujia, nawe ukamwambia si tengo dinero, te pagaré, amesikia, "nikiwa na fedha nitakulipa", naye atarudi kesho kwa matumaini. Ukisema si tuviera dinero, te pagaría, amesikia, "ningekuwa na fedha ningekulipa". Yaani mfuko ni mtupu. Angalieni sana: sisi hutia -nge- pande zote mbili, bali wao huweka tuviera upande wa "kama" tu, na pagaría upande wa pili. Wako watu wa kaskazini ya Uhispania wasemao si tendría, lakini vitabu vya sarufi havilikubali.

Hata dukani kitenzi hiki kina adabu yake: quiero ni "nataka", quisiera ni "ningependa". Tena liko neno ojalá, lililotoka katika Kiarabu, ndugu wa "inshallah" yetu. Ojalá llueva husema mtu aonaye mawingu. Ojalá lloviera, "laiti mvua ingenyesha", husema yule ambaye mbingu zake ni nyeupe.