Kidoa cha Mwishoni



Wahitimu wetu wa sayansi ya maabara, kila mmoja wenu ameshakitazama kimelea cha malale kwenye hadubini. Mwili mwembamba uliojipinda kati ya chembe nyekundu za damu, kiini cha zambarau katikati, na mwishoni kidoa kidogo kilichokolea rangi. Mlikichora, mkapata alama zenu, mkaendelea na somo jingine.

Kidoa hicho, kinetoplasti, ni DNA ya mitokondria ya kimelea: maelfu ya vipete vilivyofungamana kama mkufu, huchomoi kimoja bila kukata kingine. Vikubwa vichache hubeba jeni. Vidogo, vilivyo vingi mno, hubeba maelekezo ya kusahihisha ujumbe wa jeni hizo. Mwaka 1986, Rob Benne na wenzake huko Amsterdam walikuta katika ujumbe mmoja herufi nne zisizokuwepo kabisa kwenye DNA. Kimelea huhariri maandishi yake kabla ya kuyasoma! Nimefundisha jambo hili muda mrefu, na bado hunisisimua.

Tena kuna glikosomu. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst walionyesha kwamba vimeng'enya saba vya kwanza vya kuvunja glukosi, ambavyo katika seli zetu huelea tu kwenye sitoplazimu, kimelea hiki huvifungia ndani ya vifuko: ndizo glikosomu. Kina sababu. Hatua za mwanzo za kuvunja glukosi hutumia ATP, nishati ya seli, bila breki. Vimeng'enya vikivuja nje, glukosi ileile inayokilisha hukiua. Mimi naamini hapo ndipo pa kukipiga, na tayari zimepatikana molekuli zinazozuia vifuko hivyo kujengwa, ingawa bado si dawa.

Sasa mnakwenda kazini. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale. Akija mchungaji au mrina asali aliyetoka porini kwenye mbung'o, homa haishuki na kipimo kinasema hana malaria, andaeni slaidi, wekeni rangi ya Giemsa, mtazame bila haraka. Malale ya huku kwetu Afrika Mashariki huweza kuua katika wiki au miezi michache. Zamani, yakishafika kwenye ubongo, tegemeo lilikuwa sindano za melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoua baadhi ya waliotibiwa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza fexinidazole, vidonge vya kumeza. Mgonjwa huyo atavipata iwapo tu ninyi mtakuwa mmekiona kimelea.