Kutunza Trekta Kuukuu Siku za Baridi

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za kuyatunza matrekta ya kale katika baridi kali. Mfano wetu ni Fordson N, lililoundwa Dagenham, Uingereza, tangu mwaka 1933 hata 1945. Mengine yangali yakinguruma. Walakini usiku mmoja wa barafu waweza kuliua trekta lililostahimili miaka 80.

Adui wa kwanza ni maji. Maji yagandapo huongezeka: vipimo 100 huwa kama 109, na chuma cha kusubu hakinyumbuki, bali hupasuka. Basi ikiwa hatukutia dawa ya kuzuia kuganda, yatupasa kila jioni kufungua bilula za rejeta na za injini. Maji yakikoma kutoka tusidanganyike. Huenda kutu imeziba tundu. Tuchokoe kwa waya mpaka tujue hakika kwamba hayakubaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa injini ni mgumu kuzibwa.

La pili ni mafuta. Trekta hili huwashwa kwa petroli, kisha likipata moto hugeuziwa mafuta ya taa. Tukifanya haraka, mafuta ya taa yasiyoungua huteremka kando ya pistoni, yakachanganyika na oili na kuifanya nyepesi mno, hata vyuma vikalika. Kwa hiyo tuikinge rejeta kwa gunia, injini ishike moto upesi, kisha tuliondoe. Jioni, kabla ya kuzima, tulirudishe kwenye petroli dakika chache, ili asubuhi kabureta isiwe na mafuta ya taa.

La tatu ni kuwasha. Klachi ya Fordson huoga katika oili; oili ikiwa nzito kwa baridi, visahani hushikamana, na azungushaye hendeli huona kana kwamba anasukuma trekta zima. Oili ya majira ya baridi humpunguzia taabu. Gia iwe huru, na cheche icheleweshwe. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Tuvute hendeli kwenda juu, wala tusiisukume chini, kwani injini ikirudi nyuma ghafula huweza kuvunja mkono.

Kazi hizi ni za muda mfupi, bali injini iliyopasuka humkosesha mkulima majira mazima ya kulima.