BAMBA LA NAMBA NYUMA YA TELA

Tela halina injini, na kwa sababu hiyo wako wenye magari wanaolihesabu kuwa mzigo tu unaoburutwa nyuma ya lori. Sheria ya Uganda ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 haisemi hivyo. Tela husajiliwa kama lisajiliwavyo gari.

Askari asimamaye kizuizini Mbarara anaijua maana yake. Malori hupita hapo kwenda Kabale na mpaka wa Katuna, na mengine hupinda kuingia Wilaya ya Isingiro hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Kichwa kimoja huweza kuvuta tela hili leo na jingine kesho. Namba iliyo mbele haijibu swali la tela ni la nani.

Katika njia zisizo na lami, bamba la nyuma ndilo liumialo kwanza. Vumbi, tope na mawe yarushwayo na magurudumu huibambua rangi. Skrubu hulegea, na siku moja bamba hubaki porini. Hapo wengine humwendea fundi wa kando ya njia awachongee jingine. Hilo halifai hata kama namba ni ya kweli, kwani fundi aliyechonga moja hashindwi kuchonga la pili, na mwenye hilo la pili hajulikani.

Njia halali huanzia kituo cha polisi. Mwenye tela hutoa taarifa, hupewa barua, ndipo apeleke maombi ya bamba jipya au nakala ya kadi kwa mamlaka ya usajili. Barua hiyo isiandikwe kwa kusikiliza maneno ya dereva tu. Askari na aondoke mezani, aende uani, asugue kutu na kuisoma namba ya chesisi iliyochapwa katika chuma. Kadi ikiwa imepotea pia, chuma hicho ndicho shahidi aliyebaki. Wala barua isicheleweshwe kwa kungojea chai: dereva aliyenyimwa barua leo atamwendea mchongaji kesho, na polisi watakuwa wamejiongezea kazi wenyewe.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Tarehe 20 Juni 2018, siku chache baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba namba za magari na pikipiki zitakuwa za kielektroniki. Mabamba hayo yalianza kufungwa katika magari ya serikali Novemba 2023. Lakini bamba la namna hiyo, likipotea bila taarifa, litamwonyesha mwenye tela mahali asipokuwapo, na mtu asiye na hatia atahojiwa kwa kosa la mwingine.

Kwa upande wa pili, lori la chakula likizuiliwa Mbarara, wanaongoja ni watu wa Nakivale. Barua ya polisi ya juzi, yenye namba ya chesisi ilinganayo na chuma, yaonyesha kwamba mwenyewe hakujificha. Ile ya miezi sita, iliyokunjwa hadi kuchanika, yataka maswali zaidi.

Na magari ya jeshi yenye H4DF, pamoja na ya polisi yenye UP, hupita katika tope lile lile. Nayo yafutwe vumbi na kukazwa skrubu kabla ya kutoka kambini.